Utabiri wa hali mbaya ya hewa Micheweni

Utabiri wa hali mbaya ya hewa Micheweni ni kazi ya kukadiria mapema upepo mkali, mawimbi makubwa na mvua kubwa katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, nchini Tanzania. Kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Inategemea mnyororo wa kompyuta unaoanzia katika vituo vikubwa vya dunia, ukapita katika vituo vya kanda na vya taifa, na kuishia kwa mvuvi anayesikiliza redio kabla ya kushusha chombo baharini.

Kwa kuwa Micheweni ni sehemu ndogo katika kisiwa kidogo, ni mfano mzuri wa tatizo ambalo miundombinu ya kompyuta inayojirekebisha ilibuniwa kulitatua: namna ya kuelekeza nguvu ya hesabu mahali penye hatari, wakati hatari ipo, badala ya kuitawanya sawasawa kila mahali na kila siku.

## Eneo na hatari zake

Wilaya ya Micheweni inachukua sehemu ya kaskazini ya kisiwa cha Pemba, kuanzia Ras Kigomasha upande wa magharibi hadi rasi ya Micheweni upande wa mashariki. Kufuatana na sensa ya mwaka 2012, wilaya ilikuwa na wakazi 103,816. Upande wa mashariki iko Bahari Hindi iliyo wazi. Upande wa magharibi uko mlango wa bahari wenye kina kirefu unaoitenga Pemba na Tanzania Bara kwa umbali wa kilomita 50 hivi.

Wakazi wengi huishi kwa uvuvi, kilimo na ukulima wa mwani. Soko la samaki la Tumbe linajulikana kisiwani kote. Kazi zote hizo ziko wazi kwa hali ya hewa. Wavuvi wengi hutumia mitumbwi, ngalawa, madau na mashua, vyombo ambavyo havistahimili bahari iliyochafuka. Mwani hufungwa kwa kamba na vigingi katika maji mafupi, hivyo mawimbi makali huweza kuung'oa; ukishavunwa huanikwa, na mvua isiyotarajiwa huuharibu.

Hatari za kawaida ni hizi:

* Upepo wa kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, mara nyingine kwa nguvu kwa siku kadhaa mfululizo.
* Upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi.
* Mvua kubwa za masika (Machi hadi Mei) na za vuli (Oktoba hadi Desemba), zikiandamana wakati mwingine na radi na upepo wa ghafla.
* Mawimbi makubwa yanayokutana na maji ya bamvua, ambapo bahari hupanda zaidi kuliko siku nyingine na kufika karibu na makazi.

Vimbunga vya kitropiki ni nadra. Micheweni iko karibu na latitudo ya nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Karibu na ikweta nguvu inayotokana na kuzunguka kwa Dunia ni dhaifu, na bila nguvu hiyo hewa haipati mzunguko wa kutosha kuunda kimbunga. Nadra, hata hivyo, si sawa na haiwezekani.

## Historia

Kabla ya kompyuta, watu wa pwani walitumia kalenda ya miongo. Mwaka ulihesabiwa tangu siku ya Nairuzi na kugawanywa katika vipindi vya siku kumi kumi, na kila mwongo ulijulikana kwa upepo, mvua na kazi zake. Manahodha walitofautisha pia pepo za siku, kama vile matlai na umande, pamoja na maleleji, yaani kipindi cha upepo usiotulia kati ya kusi na kaskazi. Elimu hiyo hueleza vizuri jinsi msimu unavyokuwa kwa kawaida. Haikuweza kusema siku gani msimu utakwenda kinyume na kawaida yake.

Siku ya namna hiyo ilikuwa tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipoipiga Zanzibar. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa, na meli nyingi, zikiwemo za Sultani Barghash bin Said, ziliharibiwa bandarini. Pemba, iliyo kilomita 50 hivi kaskazini-mashariki, ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Matokeo yake yaliubadilisha uchumi wa visiwa: tangu hapo Pemba ikawa mzalishaji mkuu wa karafuu. Tukio hilo linaonyesha pia kwamba umbali mdogo huweza kutenganisha maafa na usalama. Utabiri unaosema tu "Zanzibar" haumtoshi mkazi wa Pemba.

Katika miaka ya karibuni vimbunga kadhaa vimekaribia pwani ya Tanzania. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, baada ya watu wa Mtwara kutahadharishwa. Mji uliopata mafuriko siku zilizofuata ni Pemba ya Msumbiji, ambao haupaswi kuchanganywa na kisiwa cha Pemba. Mwezi Aprili 2021 kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kufika pwani ya Dar es Salaam. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na kuleta mvua kubwa kusini mwa pwani, hasa Kilwa, ambako barabara ya kwenda Lindi ilikatika. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa kwa muda.

## Jinsi kompyuta inavyotabiri

Kompyuta haikumbuki miaka iliyopita kama nahodha anavyofanya. Huanza na hali ya hewa ilivyo sasa, kisha hukokotoa jinsi hewa itakavyosogea, kupata joto, kupoa na kutoa mvua kwa kufuata kanuni za fizikia. Lewis Fry Richardson wa Uingereza alieleza njia hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1922. Alipoijaribu kwa mkono jibu halikuwa sahihi, naye alikadiria kwamba wangehitajika watu 64,000 wa kupiga hesabu ili kwenda sambamba na hali ya hewa ya dunia nzima. Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC nchini Marekani ilitoa utabiri wa kwanza wa aina hiyo. Kukokotoa saa 24 za hali ya hewa kulichukua karibu saa 24.

Ili kufanya hesabu, modeli huligawa anga katika miraba. Kila mraba hupewa thamani moja ya upepo, joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Mraba ukiwa mkubwa, yote yaliyomo ndani yake hulainishwa kuwa wastani.

Hapo ndipo ugumu wa Micheweni unapoanza. Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa kilomita 23 hivi:

* Modeli yenye miraba ya kilomita 28 huiona Pemba kwa upana kama mraba 1 tu, ambao sehemu yake ni bahari.
* Modeli yenye miraba ya kilomita 9 huiona kama miraba 2 au 3 kwa upana na 7 kwa urefu.
* Modeli yenye miraba ya kilomita 3 huipa miraba 7 au 8 kwa upana, na hapo tofauti kati ya pwani ya mashariki na ya magharibi huanza kuonekana.

Isitoshe, modeli haikadirii vizuri kitu chochote ambacho hakijaenea katika miraba kadhaa. Wingu la radi lenye upana wa kilomita 5 linaweza kumwaga mvua Konde na kuiacha Wingwi ikiwa kavu, na modeli ya miraba mikubwa isilione kabisa.

Kupunguza miraba kuna gharama. Ukipunguza upana wa mraba kutoka kilomita 9 hadi 3, idadi ya miraba katika eneo lilelile huongezeka mara 9. Tena kompyuta hulazimika kupiga hatua fupi zaidi za muda, mara 3, la sivyo hesabu huvurugika. Kwa jumla kazi huongezeka mara 27. Hakuna nchi inayoweza kukokotoa dunia nzima kwa undani wa kijiji kila siku.

## Kompyuta inayojirekebisha

Kwa muda mrefu modeli za utabiri ziliendeshwa kwa ratiba isiyobadilika: saa zilezile, eneo lilelile, miraba ileile, hata kama bahari imetulia au kimbunga kiko mlangoni. Mwaka 2003 ulianzishwa nchini Marekani mradi uliojulikana kama LEAD, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Oklahoma pamoja na vyuo vingine kadhaa, ili kuigeuza desturi hiyo. Wazo lake lilikuwa kwamba hali ya hewa yenyewe ndiyo iamue kompyuta ifanye nini.

Mfumo wa namna hiyo una sehemu zifuatazo:

* Kugundua. Programu huchunguza data za rada, satelaiti na vituo bila kupumzika. Ikiona dalili za dhoruba, huanzisha utabiri mpya papo hapo bila kusubiri saa ya ratiba.
* Kuelekeza. Gridi ya miraba midogo huwekwa ndani ya gridi kubwa juu ya eneo la hatari tu. Modeli ya WRF, inayotumika katika nchi nyingi, inaweza hata kuihamisha gridi ndogo ili ifuate kitovu cha kimbunga kinaposafiri.
* Kugawa kazi. Mfumo hutafuta kompyuta zenye nafasi, hata zikiwa katika miji tofauti, na kuipa kazi ya dharura nafasi ya mbele. Kompyuta moja ikizimika, kazi huhamishiwa nyingine.
* Kupima upya. Vyombo vya kupimia huelekezwa panapohitajika zaidi. Mradi mwingine wa Marekani, CASA, ulitumia rada ndogo zilizoelekeza macho yake kwenye dhoruba badala ya kuzunguka anga lote kwa mwendo mmoja.
* Kurudia. Utabiri huendeshwa mara nyingi, kila mara kwa mwanzo uliotofautishwa kidogo. Majibu yakifanana, uhakika ni mkubwa. Yakitawanyika, mtabiri hujua kuwa hana budi kusema kwa tahadhari.

Sehemu hii ya mwisho inatokana na kazi ya Edward Lorenz, aliyeonyesha mwaka 1963 kwamba kosa dogo sana katika vipimo vya mwanzo huweza kukua hadi kuubadilisha utabiri wote.

## Mnyororo wa utabiri Afrika Mashariki

Nchi nyingi za Afrika hazina kompyuta kuu za kufanya yote hayo peke yake. Njia iliyochaguliwa ni kugawana kazi kwa ngazi. Mwaka 2006 Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilianza mradi wa utabiri wa hali mbaya ya hewa kusini-mashariki mwa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 5 za mwanzo, pamoja na Botswana, Madagaska, Msumbiji na Zimbabwe. Baadaye mpango kama huo uliundwa kwa Afrika Mashariki.

Katika ngazi ya kwanza, vituo vya dunia huendesha modeli kubwa. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati (ECMWF), ambacho kompyuta zake ziko Bologna, Italia, hutumia miraba ya kilomita 9 na kuurudia utabiri mara kadhaa kwa mianzo tofauti. Katika ngazi ya pili, vituo vya kanda, kama vile Nairobi na Pretoria, huchambua majibu hayo na kuzielekeza nchi jirani. Kwa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari Hindi, kituo chenye dhamana kiko katika kisiwa cha Réunion. Katika ngazi ya tatu, idara ya hali ya hewa ya kila nchi hutoa neno la mwisho kwa wananchi wake.

TMA ilianza kama wakala mwaka 1999 na kuwa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano, kwa hiyo TMA ndiyo inayotoa utabiri Bara na Visiwani. Wataalamu wake huendesha modeli za WRF na COSMO kwa eneo la nchi, wakizilisha majibu ya vituo vya dunia pembeni mwa gridi. Kwa maana hiyo mnyororo wote hufanya kazi ya mfumo unaojirekebisha: pana kwa mbali, finyu kwa karibu, na jicho la mtabiri likiamua pa kutazama.

Kiungo dhaifu ni vipimo. Rada ya Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Micheweni. Kwa sababu Dunia imepinda, mwali wa rada uliorushwa karibu usawa wa ardhi huwa umepanda hadi kilomita 4 hivi juu ya bahari unapofika umbali huo. Mvua inayoanzia chini ya hapo, na upepo unaovuma juu ya maji, hauonekani. Kwa sababu hiyo satelaiti, pamoja na kituo cha uwanja wa ndege wa Pemba, hubeba mzigo mkubwa.

## Kutoka kompyuta hadi pwani

Majibu ya kompyuta ni tarakimu. Mvuvi anahitaji uamuzi. TMA hutoa taarifa ya hali mbaya ya hewa kwa siku 5 zijazo, ikitumia ngazi tatu zenye rangi: angalizo (njano), tahadhari (chungwa) na tahadhari kubwa (nyekundu). Taarifa hutaja uwezekano wa tukio kutokea pamoja na ukubwa wa athari zake. Kwa upepo na bahari, kipimo kinachotajwa mara kwa mara katika angalizo ni upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, pamoja na athari kama kuvurugika kwa shughuli za uvuvi na usafiri baharini.

Taarifa hutajwa kwa visiwa au mikoa. Angalizo la "Unguja na Pemba" humfikia kwa maneno yaleyale mvuvi wa pweza anayetembea juu ya mwamba maji yakitoka, mvuvi wa dagaa anayekesha baharini usiku wa giza, na nahodha wa boti ya abiria. Kila mmoja hulazimika kuitafsiri kwa chombo chake. Mawimbi ya mita 2 ni usumbufu kwa meli na ni hatari ya kifo kwa mtumbwi.

Hapo ndipo watu wa karibu wanapohitajika. Redio Jamii Micheweni hutangaza kwa lugha ambayo wasikilizaji wake wanaielewa mara moja. Masheha na kamati za wavuvi wanaweza kulifikisha neno hadi bandarini kwa mtu asiye na redio wala simu yenye chaji. Kwa upande wa maafa, Zanzibar ina kamisheni yake, kwa kuwa jambo hilo halimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Onyo la Pemba hivyo hupita katika mikono ya taasisi mbili: moja hutabiri, nyingine huandaa watu. Kila dakika inayopotea kati ya mikono hiyo huondoa faida iliyopatikana kwa kompyuta yenye kasi.

## Mipaka na maendeleo

Tangu mwaka 2023 modeli za akili bandia, kama vile GraphCast, zimeonyesha kuwa zinaweza kutoa utabiri wa siku 10 kwa muda usiozidi dakika moja. ECMWF ilianza kutumia modeli yake ya aina hiyo rasmi mwezi Februari 2025. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD (ICPAC), karibu na Nairobi, kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford kutumia akili bandia kuboresha utabiri wa mvua. Faida kwa nchi zenye kompyuta chache ni kubwa, kwa sababu modeli iliyokwisha kufundishwa haihitaji mashine kubwa ili itumike.

Hata hivyo GraphCast ilifundishwa kwa kumbukumbu zenye miraba ya kilomita 28 hivi, yaani ile inayoiona Pemba kama mraba mmoja. Akili bandia hujifunza kutokana na yaliyopimwa. Pasipopimwa haina cha kujifunza. Kituo kimoja zaidi chenye kutunzwa vizuri katika pwani ya Micheweni kingeziongezea modeli za aina zote mbili kile ambacho kompyuta ya mbali haiwezi kukibuni.

Upo pia mpaka wa imani. Angalizo likitolewa mara nyingi na bahari ikatulia, watu huacha kusikiliza. Likichelewa mara moja, huenda lisisamehewe. Kwa mvuvi, siku moja ya kubaki nchi kavu ni siku bila kipato, na wilaya hii imekuwa ikitajwa miongoni mwa zenye umaskini mkubwa Zanzibar. Kutaja uwezekano waziwazi, badala ya kusema ndiyo au hapana, humpa nafasi ya kupima mwenyewe.

Mwisho, utabiri haufuti hatari nyingine za baharini. Meli ya MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake. Hakuna kompyuta ya hali ya hewa ambayo ingeurekebisha mzigo huo.

## Tazama pia

* Micheweni
* Pemba (kisiwa)
* Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania
* Kusi
* Kaskazi
* Kimbunga